Eti "ngozi yako ndiyo chafu"!! Huyu mtaalamu wetu wa mafuta ya kunukia kanifikisha mwisho

Shingo_Moto: Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua, yule mwenye vichupa vingi kuliko famasi. Juzi kanipaka mafuta ya bergamoti, lile tunda la jamii ya limau, shingoni, matupu, hayajachanganywa na kitu, akanituma juani "yafunguke". Yamefunguka kweli! Malengelenge, na sasa michirizi ya kahawia, pundamilia akiniona atanisalimia.

Leo narudi kumwonyesha. Mbele ya watu wote: "Ngozi yako ndiyo chafu, sumu inatoka." Chafu! Mimi ninayeoga hadi sabuni inaomba likizo! Ile kemikali ya bergapteni imo kwenye mafuta YAKE, ikikutana na jua inaunguza hata malaika. Lakini mchafu ni mimi. Mbele ya watu. Na kicheko juu.

Ngojangoja: Bila picha hatuchangii.

BintiLimau: Pole. Ungepakwa mafuta ya chungwa tamu usingeungua. Bergamoti, limau na ndimu yanayokamuliwa maganda bila moto ndiyo yana ugomvi na jua. Ndimu iliyotolewa kwa mvuke haina shida. Bergamoti kwa ngozi itakayopigwa jua, IFRA, shirika la kimataifa la manukato, wanasema mwisho asilimia 0.4. Kwa kijiko cha chai cha mafuta ya kuchanganyia, hiyo haifiki hata tone zima la bergamoti. Au tafuta iliyoandikwa FCF, hiyo bergapteni imeondolewa.

Shingo_Moto: Dada, nimeitwa MCHAFU, wewe unaniletea kemia?

Mzee_wa_Mvuke: Bergamoti inanuswa, mkuu, inatuliza hasira. Nusa kidogo.

Shingo_Moto: Nusa wewe!

Tone_Moja: Afadhali shingo. Mimi huyohuyo aliniambia nidondoshee limau kwenye maji ya kuoga. Mafuta hayachanganyiki na maji, yalielea yote, nikayakalia. Siendelei.

Ngojangoja: 😂😂😂 Hii sasa picha hatutaki.

Kichupa_Tupu: Kwangu kauza mafuta ya chungwa yaliyokaa dirishani yakipigwa mwanga, yananuka rangi ya ukuta. Limonini, kemikali iliyomo humo, ikishaingiliwa na hewa inawasha balaa. Nimejikuna usiku kucha.

BintiLimau: Chupa ya rangi ya giza, kifuniko kibane, weka kwenye friji.

Baba_Friji: Friji?! Mke wangu kaweka mafuta ya balungi humo, maziwa yananukia balungi, mayai balungi. Nikilalamika naambiwa nina stresi, ninuse.

Mzee_wa_Mvuke: Mayai yananukiaje na maganda yake?

Baba_Friji: Njoo unuse mwenyewe.

Shingo_Moto: Jamani, uzi ni wa shingo yangu.

Tone_Moja: @Baba_Friji maziwa hayo mnakunywa au mnapaka?