Kama nyuzi joto 1.5 zimeshapita, tunapambania nini tena?

Kijani77: Wakuu, mwaka 2024 wastani wa joto la dunia ulipita nyuzi 1.5 juu ya ule wa kabla ya zama za viwanda, kikomo kilekile kilichotajwa kwenye mkataba wa tabianchi wa Paris mwaka 2015. Na anayeumia si aliyechafua: asilimia 10 ya kaya tajiri zaidi hutoa asilimia 34 hadi 45 ya gesijoto (gesi zinazopasha dunia joto) za kaya zote, ilhali nusu ya chini hutoa 13 hadi 15. Vijana wanaona mambo yamekwisha. Aliyekata tamaa aambiwe nini bila kudanganywa, na ashike kazi gani?

HesabuZaHewa: Mleta mada, kikomo cha Paris hupimwa kwa wastani wa miaka mingi, si mwaka mmoja. Hata hivyo tunakikaribia, tusifichane. Ila 1.5 si ukingo wa shimo. Kila tani bilioni 1,000 za hewa ukaa huongeza takriban nyuzi 0.45, kwa hiyo tani isiyotolewa ina faida ileile tukiwa kwenye 1.4 au 2.3. Na siku binadamu atakapoacha kuongeza hewa ukaa angani, joto litakoma kupanda baada ya muda mfupi. Halitashuka upesi, na bahari itaendelea kupanda kwa karne nyingi, lakini nani ataishi kwenye joto gani bado halijaamuliwa.

MlinziWaPwani: Naongeza hapo, maana kifo hakiletwi na joto peke yake. Kimbunga cha Bhola mwaka 1970 kilipiga Ghuba ya Bengali na kuua watu wasiopungua 300,000, wengi wao katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Amphan, mwaka 2020, kilipiga ghuba hiyohiyo na Bangladesh ikapoteza watu makumi tu. Bahari haikupoa katikati. Kilichobadilika ni mtandao wa kujitolea ulioanza 1972: watu wa kijijini wenye bendera, vipaza sauti na jukumu la kugonga mlango kwa mlango. Onyo tupu halikutosha. Kimbunga kingine kilipokuja mwaka 1991 lilitolewa, na bado walikufa watu kama 138,000: makimbilio yalikuwa machache, wengi waliogopa kuacha mifugo, na wanawake hawakuwa na sehemu yao ya faragha. Baadaye yakajengwa majengo juu ya nguzo, yenye vyumba na vyoo vya wanawake, na vilima vya udongo vya kupandishia ng'ombe. Masikini akipangiwa, haangamii.

DaftariKwanza: Kazi ya kushika ndiyo hiyo. Chukueni daftari, andikeni kila kaya: nani hatembei, nani hana simu, nani ana mifugo. Wagawieni watu wawili kila kaya kumi, mmoja akisafiri mwingine yupo. Fanyeni zoezi la kuhamia kimbilio kabla ya msimu wa vimbunga, mkiwa na saa mkononi, pamoja na mzee anayetembea polepole kuliko wote. Muda wake ndio muda wenu. Makosa ya kawaida: kutegemea simu, ilhali umeme ukikatika minara huweza kuzimika; ufunguo wa kimbilio kukaa kwa kiongozi mmoja; orodha kuzeeka, maana wapangaji huhama. Ipitieni kila miezi mitatu. Kisha ipelekeni kwenye kikao cha bajeti. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Baku, mwaka 2024, nchi zinazoendelea ziliahidiwa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Mwenye majina na idadi ana pa kusimama anapodai sehemu yake.

Kijani77: Shukrani. Daftari likisombwa na maji?

DaftariKwanza: Nakala tatu, kwa penseli maana wino wa baadhi ya kalamu huyeyuka, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Moja ikae kwa anayeishi sehemu ya juu kabisa.