Baba anavutia sigara nje, mbona sikio la mtoto haliachi kutoa usaha?

Mama Rehema, Morogoro:
Wakuu, habari za jioni. Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Sikio la kulia linatoa usaha, akipewa amoksilini linakauka, akishikwa na mafua tena linaanza upya. Baba yake anavuta ila hutoka uani, na yeye mwenyewe mafua na koo haviishi. Mama mkwe anasema ni maji ya kuogea. Sigara inaweza kuhusika kweli?

Tabibu Mstaafu:
Pole sana, dada. Mara nyingi usaha huo huanzia puani. Nyuma ya pua kuna mrija unaokwenda sikio la kati, na kwa mtoto ni mfupi na umelala, hivyo vijidudu hupanda kirahisi. Ila ngoma ya sikio ikishatoboka maji nayo huchokoza, kwa hiyo mama mkwe msikilize: akioga, ziba sikio kwa pamba yenye vaselini.

Sasa sigara. Puani na kooni kila mtu ana bakteria. Wamo wapole wanaoshika nafasi, na wamo wakorofi kama nyumokokasi, mmoja wa wanaoleta nimonia, na hemofilasi. Moshi hulemaza vinyweleo vinavyosukuma ute, na kwa mvutaji wale wapole hupungua, wakorofi wakatamba. Mwaka 2007 Itzhak Brook na Alan Gober wa Marekani walichapisha vipimo vya wavutaji 20 kabla ya kuacha na zaidi ya mwaka baada ya kuacha: wakorofi walipungua, wapole walirudi, hali ikakaribia ya wasiovuta. Hilo mumeo alisikie! Vidonge vinaua vijidudu vya leo tu.

Kuvutia uani kunapunguza moshi, lakini pua ya baba inaingia ndani pamoja naye. Anambeba mtoto, anapiga chafya, wanalala chumba kimoja. Kliniki nilikuwa nanusa kwanza shati la aliyempakata mtoto, ndipo nachukua kurunzi ya sikio.

Fundi Kiwalani:
Mimi niliacha fegi. Mwanzoni kikohozi kilizidi, nikadhani naugua, baadaye kikaisha. Shemeji asikate tamaa wiki za mwanzo.

Mama Rehema, Morogoro:
Asanteni. Lakini mtoto ana chanjo zote, na ya nimonia ipo kwenye kadi.

Tabibu Mstaafu:
Vizuri sana, na inamkinga na mengi makubwa. Ila chanjo hiyo, ambayo Tanzania ilianza kuitoa kwa watoto 2013, ilikuja na aina 13 za nyumokokasi, na aina zilizopo zinapita 90. Hemofilasi wa masikioni naye mara nyingi si yule aliyemo kwenye chanjo ya hemofilasi. Usaha ukizidi wiki mbili usirudie vidonge vya dukani. Mpeleke kliniki ya masikio, pua na koo, wakausafishe, wampe matone na kumpima usikivu. Usimtie mafuta wala maziwa ya mama sikioni. Na baba aende naye, aulizie huko huko msaada wa kuacha.