PostGIS inagoma kwenye Windows, msaada wakuu

Kijana wa Nkuhungu: Wakuu, habari za jioni. Nimekabidhiwa kompyuta ya ofisi, Windows 10, niingize visima vya Bahi na Kongwa kwenye kanzidata moja, maana mafaili ya Excel yametuchosha, kila mtu ana lake. Nimesakinisha PostgreSQL 17, programu ya kanzidata, mwishoni Stack Builder (kisakinishi cha nyongeza zake) ikafunguka, nikaweka tiki kwenye PostGIS, nyongeza ya data za ramani, bando likaliwa, ikamaliza salama. Sasa nikiandika CREATE EXTENSION postgis; ndani ya pgAdmin (dirisha la kusimamia kanzidata), inadai faili la postgis.control halipo. Faili lipo! Naliona kwenye folda ya 17, share, extension. Na msinipeleke Linux, mashine si yangu.

Fundi Majengo: Futa yote, anza upya.

Bibi Kanzidata: Asifute kitu, huko kunaweza kuwa na data za watu. Mwanangu, soma tena huo ujumbe wa kosa. Kwenye njia ya faili, baada ya neno PostgreSQL kuna namba gani?

Kijana wa Nkuhungu: 14! Shikamoo bibi. Nani kaiweka hiyo?

Bibi Kanzidata: Marahaba. Aliyekutangulia kwenye hicho kiti. Ile PostgreSQL 14 ya zamani imeshika poti (namba ya mlango wa mawasiliano) 5432, kwa hiyo 17 yako imepewa inayofuata, bila shaka 5433. Kwenye pgAdmin unaongea na ya zamani, na PostGIS umeiweka kwenye mpya. Sajili seva nyingine humo humo: localhost, poti 5433, nenosiri ulilochagua wakati wa kusakinisha. Tengeneza kanzidata ya visima, kisha rudia amri yako ukiwa ndani yake. Kila kanzidata inataka amri hiyo kivyake, haihami. Hakikisha kwa SELECT postgis_full_version();

Kijana wa Nkuhungu: Imekubali! Asante sana bibi.

Mpima wa Kizota: Kabla hujaingiza visima, dogo: longitudo ya nyuzi 36 mashariki inapita kati ya Dodoma mjini na Kongwa, na ndiyo mpaka wa zoni mbili za UTM, mfumo wa kupima mahali kwa mita. Vipimo vya UTM vya Bahi ni zoni 36, na namba ya mfumo huo ndani ya PostGIS ni 32736. Vya Kongwa ni zoni 37, namba 32737. Ukivipa vyote 32736, visima vya Kongwa vitahamia upande wa Ziwa Tanganyika. Vipe kila kimoja namba yake, kisha tunza vyote kwa 4326 (latitudo na longitudo), amri ya ST_Transform itakugeuzia. Waulize pia waliopima kama GPS zao zilikuwa kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo, hapo namba ni nyingine kabisa.

Fundi Majengo: Mimi bado ningefuta.

Bibi Kanzidata: Ndiyo maana hawakupi kompyuta ya ofisi.