Mpira ulikuwa angani, mwamuzi akakaa kimya: nimedhulumiwa leo mchana kweupe

Wanajamvi, salaam.

Ninaandika haya vumbi la uwanjani likiwa bado kwenye suruali yangu, na chai niliyomiminiwa imepoa bila kuguswa. Jina la mtu silitaji, maana hakuna anayecheza softiboli ya Jumapili (ndugu yake besiboli: unapiga mpira kwa gongo, kisha unakimbia besi hadi besi, yaani vituo vinne) na jumuiya yetu hapa Minneapolis asiyemjua: ni yule mwamuzi anayeipangusa besi ya nyumbani kwa brashi yake kama anayesugua sufuria ya harusi, lakini mpira ukishapaa hana habari nao.

Tulikuwa inningi (awamu ya kupiga) ya 7, ya mwisho, tumezidiwa kwa pointi moja, na hakuna mchezaji wetu aliyekuwa ametolewa. Mimi nilikuwa besi ya pili, mwenzangu besi ya kwanza. Mpigaji wetu akauchapa mpira ukapaa wima, ukakaa huko juu muda ambao mtu angesonga ugali, akaupakua na kunawa mikono. Mlinzi wao anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu hakuhitaji hata kusogea. Alikinga glavu usawa wa kifua, akanitazama, kisha akaishusha taratibu, mpira ukaanguka mbele ya viatu vyake. Akauokota, akautupa besi ya tatu, kutoka huko ukatupwa besi ya pili, tukatolewa wawili kwa mkupuo mmoja. Mwamuzi alikuwa kimya.

Naomba nilirudie hili, kwa sababu ndilo linaloniunguza: mpira uko angani, uwanja mzima umeinua shingo, na yeye, ambaye kazi yake wakati ule ilikuwa kuinua mkono na kutamka maneno mawili tu, alikuwa kimya.

Maneno yenyewe ni “infildi flai”, sheria iliyoanzia kwenye besiboli miaka ya 1890 kwa ajili ya ujanja huuhuu. Besi ya kwanza na ya pili zikiwa na wakimbiaji, au zote tatu zikiwa zimejaa, na waliotolewa hawajafika wawili, mpira wa juu ambao mlinzi wa ndani, yaani wa karibu na besi, anaweza kuudaka bila taabu unamtoa mpigaji papo hapo, udakwe usidakwe, na wakimbiaji hawalazimiki kuondoka kwenye besi zao. Bila tangazo hilo tumenaswa: nikikimbia, anaudaka na kunitoa kabla sijarudi, nikibaki, anauangusha, nami nalazimika kumpisha mwenzangu wa nyuma wakati mpira umeshatangulia besi.

Nilimwendea kwa adabu, nikamuuliza. Akanijibu mbele ya wanangu: “Mama, hii ni ligi ya kujifurahisha. Ukitaka sheria, kacheze na wanaolipwa.” Nimewahi kufukuzwa na mbwa, nimewahi kunyeshewa mvua ya mawe nikiwa na mtoto mgongoni, lakini sijawahi kudhalilishwa kama leo. Na mpira ulikuwa angani, ndugu zangu. Kila mtu aliuona.

GlavuYaKushoto: Dada, mimi ndiye niliyekuwa besi ya kwanza, na nathibitisha kila neno. Nilimgeukia nikisubiri tamko, nikamkuta anatazama brashi yake.

MzeeWaBenchi: Pole, binti yangu, lakini mbona hujamlaumu aliyeuchapa mpira juu wakati tulihitaji uende chini? Halafu kupima kama mpira unadakika bila taabu ni kazi ya mwamuzi peke yake. Tarehe 5 Oktoba 2012 kule Atlanta, kwenye mechi ya mtoano ya ligi kuu ya besiboli, mwamuzi alitangaza infildi flai kwa mpira ulioangukia mbali kabisa upande wa kushoto, mashabiki wakarusha chupa, na mchezo ukasimama kwa dakika 19. Shukuru kwamba wako alinyamaza.

Mleta uzi: Shikamoo, mzee wangu. Yule wa Atlanta angalau alifungua mdomo. Wangu alikuwa kimya, na mpira ulikuwa angani.

BesiYaTatu: Hilo la kimya ni dogo. Sisi alitudhulumu mwezi uliopita, wapinzani walipopiga bila kufuata orodha yao ya wapigaji. Tulikata rufaa palepale, kabla ya mpira uliofuata kurushwa, kama sheria inavyotaka, akatuambia tusubiri mchezo umalizike. Ulipomalizika, akasema tumechelewa.

MrushajiWaPole: Na mimi naomba mnisikilize, kwa maana jeraha langu ni la zamani kuliko yote haya. Mpira ukidondoka juu ya mstari wa pembeni ni halali, hilo hata watoto wanalijua. Wangu ulidondokea kwenye chaki, chaki ikaruka, tukaiona ikielea kama unga wa sembe, naye akasema umetoka nje.

MzeeWaBenchi: Hapo kwenye chaki nakubaliana nawe, mwanangu. Nilikuwepo, na alama ilikuwa bado inaonekana tulipokuwa tunakusanya magongo.

BesiYaTatu: Kuna aliyeipiga picha alama hiyo?

MrushajiWaPole: Mke wangu alipiga. Naitafuta kwenye simu yake, nitaiweka hapa kabla ya saa nne usiku.

Mleta uzi: Samahani, ndugu zangu, tulikuwa kwenye mpira wangu.

GlavuYaKushoto: Ngoja kwanza, dada, tuione hiyo picha.