Wakili anadai jina la sabuni yetu ni la mteja wake: cheti cha jina la biashara kinatukinga?

SabuniNakuru:
Wadau, naomba ushauri. Tunatengeneza sabuni ya maji na dawa ya kuua vijidudu, tunauza Nakuru, Naivasha na kiasi kidogo Arusha. Wakili wa kampuni nyingine ametuandikia kwamba jina letu linaingilia alama ya biashara ya mteja wake. Anataka tuache kuuza ndani ya siku 14, tukabidhi mzigo na tulipe fidia. Majina yanatofautiana silabi ya mwanzo tu, ila rangi na michoro ya lebo havifanani. Tuna cheti cha jina la biashara kutoka BRS (ofisi ya serikali ya kusajili biashara Kenya) tangu 2019. Hakitoshi? Na tukibadilisha rangi zaidi? Ghalani kuna katoni 200 za chupa 12, rejareja Sh150 chupa.

Rejista:
Cheti cha BRS hakiwakingi. Kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo, basi. Haki ya kumzuia mwingine asilitumie kwenye bidhaa inatokana na alama ya biashara, na hiyo husajiliwa KIPI, taasisi ya mali za viwanda ya Kenya. Jina linaweza kupita BRS huku lina mwenyewe KIPI.

Mwombe wakili namba ya usajili, kisha fanyeni upekuzi KIPI nyinyi wenyewe. Usajili hudumu miaka 10 na huhuishwa kwa miaka 10 mingine, kwa hiyo hakikisheni bado uko hai. Kama ni ombi tu lililochapishwa kwenye jarida la KIPI, mna siku 60 za kuweka pingamizi. Upekuzi uguse pia alama za kimataifa zilizoiteua Kenya kupitia mfumo wa Madrid, unaoruhusu kuomba usajili nchi nyingi kwa ombi moja. Wengi husahau hapo, na mwenye alama anaweza asiwe na hata ofisi nchini.

Halafu someni orodha ya bidhaa zilizosajiliwa, msiishie kwenye namba ya daraja (kundi la bidhaa). Sabuni ya kufulia na kuoshea vyombo iko daraja la 3, dawa ya kuua vijidudu iko la 5. Kama wana la 3 peke yake, dawa yenu ina utetezi wake, ingawa bado wanaweza kudai mnauza kwa kujifanya wao.

Rangi haitawaokoa. Dukani mteja huagiza kwa mdomo, na mahakama hupima jina linavyosikika pamoja na linavyoonekana.

Kuhusu 2019: sheria humlinda aliyetangulia, lakini ni lazima mwe mmelitumia mfululizo tangu kabla wao hawajalitumia wala kulisajili, lolote lililoanza. Wakiwa waliuza tangu 2015 wakasajili 2021, hiyo 2019 haiwasaidii kwa kinga hii. Kusanyeni ankara, risiti za mchapishaji wa lebo na vibali vya KEBS (shirika la viwango), vyote vyenye tarehe. Upande wa pili, alama isiyotumika miaka 5 inaweza kuombewa iondolewe kwenye rejista.

GhalaSafi:
Naongeza kuhusu mzigo, maana hapo ndipo biashara hufa. Mwenye alama anaweza kupeleka malalamiko ACA, mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi Kenya, na wakaguzi wakija wana uwezo wa kukamata bidhaa, lebo na hata mashine. Ikithibitika mahakamani kuwa ni bidhaa ghushi, kosa la kwanza ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja, au vyote. Katoni 200 ni chupa 2,400, yaani Sh360,000. Faini inaanzia Sh1,080,000. Kuhifadhi kwa ajili ya biashara nako ni kosa, kwa hiyo na mwenye duka la jumla anaingia.

Kwa hiyo simamisheni uchapishaji wa lebo leo. Hesabuni mzigo na muuandike. Msiuhamishie ghala lingine usiku; kitendo hicho kitasomwa kama kukiri. Jibuni kabla ya siku 14, kupitia wakili, barua iseme wazi kwamba imeandikwa bila kuathiri haki zenu. Ombeni vitu viwili: muda wa kumaliza mzigo, au ruhusa ya kubandua lebo na kuweka mpya. Kampuni nyingi hukubali mojawapo kuliko kulipia kesi. Mkikubaliana, maandishi yataje idadi ya chupa, tarehe ya mwisho, na kwamba madai ya nyuma yamefutwa. Wengi huacha hilo la mwisho, kisha barua ya fidia inarudi.

MpakaniNamanga:
Kwa mzigo wa Arusha, usajili wa KIPI unaishia mpakani. Tanzania Bara rejista ni ya BRELA, Zanzibar ni ya BPRA, na kila moja inasimama peke yake. Ulizeni kama mlalamikaji amesajili BRELA. Kama hajasajili, barua hiyo haina usajili wowote wa Bara wa kuitegemeza. Ila msikae tu: akitangulia yeye kuomba, mtakuwa mnapinga badala ya kumiliki. Usajili wa kwanza Bara ni miaka 7, kisha unahuishwa kwa 10. Mkichagua jina jipya, lipekueni KIPI na BRELA, daraja la 3 na la 5, kabla ya kulipia lebo au moldi ya chupa yenye jina.