Naomba ushauri: umbali wa ndege Nairobi–New York, niongeze kiasi gani juu ya hesabu?

Wakuu, naandaa jedwali la umbali wa safari ndefu za ndege na nimekwama mahali pamoja.

Kanuni ya haversine (ya kukokotoa umbali juu ya tufe kwa latitudo na longitudo), kwa nusu kipenyo cha dunia cha kilomita 6,371, inanipa takriban kilomita 11,840 kati ya uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi (latitudo -1.319, longitudo 36.928) na ule wa JFK, New York (40.640, -73.779). Ukigawa kwa 1.852 unapata maili za baharini 6,390 hivi. Nyuzi lazima zigeuzwe radiani (kipimo kingine cha pembe) kwanza. Alama ya kutoa nayo ni muhimu mno: ukiisahau kwenye longitudo ya New York (magharibi), umbali unaporomoka hadi kama kilomita 5,970, ukiisahau kwenye latitudo ya Nairobi (kusini) unapoteza kilomita 200 tu, na kosa hilo dogo ndilo baya zaidi kwa sababu halishtui.

Sasa tatizo. Huo ni umbali mfupi kabisa juu ya tufe. Ndege hupita vituo vya njia (alama za angani za kuongozea, si mahali pa kutua), hukwepa anga lililofungwa na hufuata upepo. Safari ya moja kwa moja ilipoanza Oktoba 2018, ratiba ilikuwa saa 15 kwenda na 14 kurudi, maana kwenda magharibi ni kupambana na upepo.

Mnaopanga safari za ndege: niongeze asilimia ileile kwa njia zote, au nijumlishe umbali wa kituo hadi kituo? Na upepo niuhesabu kwenye umbali, au niuache kwenye muda peke yake?