Root haionekani baada ya IPL (kuwasha mfumo): DASD ya pili kwenye LVM, RHEL 9 chini ya z/VM

kisiki_s390 aliuliza:

Wakuu salaam. Mashine pepe ya RHEL 9 (s390x, yaani mainframe ya IBM) chini ya z/VM, mfumo unaoendesha mashine pepe humo, imekwama. Ilikuwa na DASD (diski ya mainframe) moja tu, 0201, ya silinda 10016. Patisheni ya kwanza ni /boot, ya pili ni PV (kipande cha diski) ya LVM, yenye VG (kundi la PV) inayoitwa rhel. Root ilipojaa, diski ya pili 0202 yenye ukubwa uleule ikaongezwa hivi, mfumo ukiwa hewani:

```
vmcp link '*' 202 202 mr
cio_ignore -r 0.0.0202
chccwdev -e 0.0.0202
dasdfmt -b 4096 -d cdl -p -y /dev/dasdb
fdasd -a /dev/dasdb
pvcreate /dev/dasdb1
vgextend rhel /dev/dasdb1
lvextend -l +100%FREE -r /dev/rhel/root
```

Kila amri ilipita bila kosa, df ikaonyesha nafasi mpya, na lsdasd ikasoma hivi:

```
0.0.0201  active  dasda  94:0  ECKD  4096  7042MB  1802880
0.0.0202  active  dasdb  94:4  ECKD  4096  7042MB  1802880
```

Baada ya reboot, konsoli inasema `/dev/mapper/rhel-root does not exist`, kisha inatupwa kwenye ganda la dharura la dracut. Data ipo salama? Na kwa nini kitu kilichokuwa kinafanya kazi dakika tano kabla kimepotea?

---

treki15 alijibu:

Data ipo, usiwe na hofu. Onyo moja tu: usirudie dasdfmt wala pvcreate kwa kudhani diski "haikushika". Diski imeshika vizuri. Ni kerneli ndiyo haijaiona.

Kwenye s390x kerneli haichukui kila kifaa inachokikuta. RHEL inapowekwa, vigezo vya kerneli hubeba `cio_ignore=all,!condev`, maana yake puuza vifaa vyote isipokuwa konsoli, na baada ya hapo initramfs (mfumo mdogo wa kuwashia, unaojengwa na dracut) hufungulia vile tu vilivyotajwa kwa `rd.dasd=`. Kwako kimetajwa 0.0.0201 peke yake. Amri za cio_ignore na chccwdev ulizotumia zinabadilisha kerneli inayokimbia wakati huo, haziandiki popote. LVM ikaamka, ikakuta PV moja kati ya mbili, na kwa kuwa LV (diski ya mantiki) ya root sasa imetanda kwenye zote mbili, ikakataa kuiwasha nusu. Ilivyofanya ndivyo sawa.

Ukiwa palepale kwenye ganda la dracut:

```
echo free 0.0.0202 > /proc/cio_ignore
echo 1 > /proc/cio_settle
echo 1 > /sys/bus/ccw/devices/0.0.0202/online
lvm vgchange -ay rhel
exit
```

Mstari wa pili husubiri hadi vifaa vilivyofunguliwa vimalize kutambuliwa. Ukiuruka, mstari wa tatu unaweza kukuambia faili haipo, kumbe kifaa kiko njiani.

Njia nyingine, kama umeshatoka kwenye ganda hilo, ni kupitisha kigezo kutoka CP yenyewe (kidhibiti cha z/VM):

```
#CP IPL 201 PARM RD.DASD=0.0.0202
```

PARM hupokea hadi herufi 64 na huongezwa mwishoni mwa vigezo vilivyopo. Herufi kubwa zisikusumbue: kama maandishi yote ni makubwa, Linux huyageuza madogo yenyewe. Ila usianze PARM kwa alama ya `=`, kwa sababu hapo vigezo vyote vya zamani hufutwa na vipya kuchukua nafasi yao, na root= yako itaondoka navyo.

---

bootmap alijibu:

Hayo ya treki15 yatakuamsha leo. Kesho ukiwasha tena utarudi palepale, hivyo mfumo ukishakuwa hewani andika mabadiliko ya kudumu:

```
sed -i 's/rd.dasd=0.0.0201/& rd.dasd=0.0.0202/' /boot/loader/entries/*.conf
zipl -V
```

Amri ya pili, zipl (kipakiaji cha s390x), ndiyo inayosahaulika, na wanaotoka kwenye seva za x86 ndio wanaoumia zaidi. Kule GRUB husoma mfumo wa faili wakati wa kuwaka: unahariri maandishi, unawasha, kazi imekwisha. Zipl haifanyi hivyo. Unapoiendesha, inatafuta kerneli na initramfs zimekaa kwenye vipande gani halisi vya diski, inaandika orodha ya anwani hizo kwenye faili la bootmap, na inanakili mstari wa vigezo humohumo. Wakati wa IPL hakuna anayefungua /boot/loader/entries. Kinachosomwa ni nakala iliyopigwa mara ya mwisho zipl ilipoendeshwa.

Hili lina matokeo mawili. Ukihariri vigezo bila zipl, hakuna kinachobadilika, na utapoteza muda mwingi ukitafuta kosa la tahajia ambalo halipo. La pili ni baya zaidi: ukijenga initramfs upya kwa mkono (`dracut -f`) bila zipl, faili jipya linakaa kwenye vipande vingine, huku bootmap ikiendelea kuelekeza kwenye vipande vya zamani ambavyo sasa vinahesabiwa kuwa vitupu. Vikiwa havijaandikwa juu, utawaka na initramfs ya zamani bila kujua. Vikiandikwa juu, hutawaka. Mashine inaweza kukubali IPL mara tatu ikakataa ya nne bila mtu kugusa chochote siku hiyo.

Unaposasisha kerneli kwa dnf, zipl huitwa yenyewe. Hatari iko kwenye kazi za mkono.

Zipl -V huchapa mstari wa vigezo inaouandika. Usome. Ukiona rd.dasd zote mbili ndipo uwashe upya.

Kwa wasomaji wa mifumo mingine: Ubuntu haitumii rd.dasd kwa kawaida, utatumia `chzdev -e 0.0.0202` kisha `update-initramfs -u`, ambayo huiita zipl. SLES 12 na zinazofuata huwaka kupitia GRUB2 iliyobebwa na hatua ya kwanza ndani ya /boot/zipl, hivyo ni chzdev, `dracut -f`, kisha `grub2-install`.

---

kisiki_s390 aliandika:

Shukrani wakuu. Ganda la dracut limekubali na mfumo uko hewani. Tatizo jipya: SSH haijaamka bado, kwa hiyo kazi inafanyika kwenye konsoli ya 3270, na sed iliyoandikwa kwa nukuu mbili badala ya moja inagoma. Ganda linajibu kana kwamba nukuu hazikuandikwa kabisa. Vi nayo inachora takataka.

---

treki15 alijibu:

Nukuu haziifikii Linux. Konsoli ya 3215 (hali ya mistari unayoiona kwenye skrini yako ya 3270) hupitia CP kwanza, na CP ina herufi zake nne za uhariri: `#` hukata mstari, `@` hufuta herufi iliyotangulia, `¢` hufuta mstari mzima, na `"` ni ya kukinga herufi inayofuata. Kwa hiyo nukuu mbili humezwa, na anwani ya barua pepe hupoteza herufi moja kabla ya @ pamoja na @ yenyewe. Zima mbili zinazosumbua:

```
#CP TERM ESCAPE OFF
#CP TERM CHARDEL OFF
```

LINEND iache, la sivyo `#CP` nayo haitafanya kazi na utakuwa umejifungia mlango. Hapohapo zima na HOLD: `#CP TERM HOLD OFF`. Skrini ikibaki na neno HOLDING chini kulia, maandishi ya konsoli hayasogei, na Linux inayosubiri kuandika kwenye konsoli nayo husimama. Watu hudhani mashine imekufa.

Vi isahau hapo, konsoli ni ya mstari mmojammoja. Tumia sed. Ctrl-C huandikwa `^c` na Enter. Ctrl-D ni `^d`. Na ukimaliza toka kwa `#CP DISC`, kamwe si LOGOFF. LOGOFF huizima mashine pepe yote kama vile umeng'oa waya.

---

silinda_sifuri alijibu:

Naongeza upande wa z/VM ambao haujaguswa. `link '*' 202` imekubali, maana yake MDISK (diski ndogo, sehemu ya diski halisi) ipo tayari kwenye saraka ya z/VM, na itajiunganisha yenyewe kila mashine inapoingia. Vizuri. Lakini angalia mstari wenyewe na msimamizi wa z/VM. Unatakiwa ufanane na huu:

```
MDISK 0202 3390 0001 10016 LNX012 MR
```

Tazama hiyo 0001. 3390 mod 9 ina silinda 10017, na silinda ya 0 ya diski halisi ndiyo yenye lebo ambayo z/VM huitumia kuitambua. Diski ndogo ikianzia 0001, dasdfmt huandika lebo yake ndani ya eneo la Linux tu. Ikianzia 0000, lebo halisi ndiyo inayoandikwa juu, na dasdfmt isipopewa jina huweka 0X ikifuatiwa na namba ya kifaa, kwako 0X0202. Leo hutaona tofauti yoyote. Siku z/VM nzima itakapofanyiwa IPL, itatafuta LNX012, haitaipata, na diski yako haitaunganishwa. Silinda 10016 ulizotaja zinaashiria kuwa mwanzo ni 0001, hata hivyo hakikisha. Kama ni lazima uformati diski nzima kuanzia 0, tumia `dasdfmt -k` ili lebo ibaki.

Jambo jingine ni MR (anayeandika ni mmoja tu). Isigeuzwe MW (wengi huandika) ili mashine nyingine nayo "isome". Linux mbili zikiandika XFS moja bila mfumo wa faili wa kushirikiana, zinaiharibu, kila moja ikiamini kumbukumbu yake.

---

bootmap aliandika:

Nina pingamizi na mpangilio wenyewe. Kutandaza root juu ya DASD mbili kunafanya mashine itegemee zote mbili ili iwake. Kurudi nyuma nako ni kugumu, kwa sababu XFS haipunguzwi. Huwezi kupunguza LV ya root ukaitoa 0202.

Hesabu ya silinda moja ni treki 15, kila treki vipande 12 vya baiti 4096, yaani KiB 720. Mod 9 inakupa takribani GiB 6.9, kidogo kwa root yenye kumbukumbu za matukio na vifurushi. Omba diski moja ya silinda 65520, ambayo ni karibu GiB 45, iite 0203, iongeze kwenye VG, kisha:

```
pvmove /dev/dasdb1 /dev/disk/by-path/ccw-0.0.0203-part1
vgreduce rhel /dev/dasdb1
```

Pvmove hufanya kazi mfumo ukiwa hewani. Kabla ya kuianza, weka 0203 kwenye rd.dasd na uendeshe zipl, ili hata mashine ikizimika katikati iweze kuwaka na kuendelea. Na zoea majina ya by-path: dasdb ni jina la zamu tu, kifaa kikiwashwa kwa mpangilio tofauti linaweza kuwa la diski nyingine.

---

kisiki_s390 aliandika:

Imekaa. MDISK inaanzia 0001. Sed ikapita, zipl -V ikaonyesha rd.dasd zote mbili, reboot ikarudi bila ganda la dracut. 0203 imeombwa.

---

treki15 alijibu:

Kabla ya kufunga: kama ulitumia IPL yenye PARM wakati wowote leo, jaribio hilo la reboot halijathibitisha kitu. Linux huhifadhi PARM uliyoingia nayo na kuirudisha inapojiwasha upya, kwa hiyo inawezekana 0202 imefunguliwa na PARM ile ya zamani. Endesha `lsreipl` uone mstari wa Bootparms. Ukiwa na kitu, fanya `#CP IPL 201 CLEAR` bila PARM, kisha soma `cat /proc/cmdline`. rd.dasd=0.0.0202 inatakiwa ionekane mara moja tu, karibu na 0.0.0201. Ikiwa mwishoni kabisa mwa mstari, hiyo imetoka kwenye PARM.